Mmea Mmoja, Kampaundi Mbili: Bangi, Kifafa na Wajibu wa Somo la Kemia

Neno bangi limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Ni jina la mmea unaoota shambani, la jani lililokaushwa, la moshi unaovutwa kwa siri, la kosa linalompeleka mtu mahakamani, na katika miaka ya karibuni, katika vinywa vya baadhi ya watu, ni jina la dawa ya kifafa. Mambo matano yaliyo mbalimbali yamefungwa katika neno moja. Pale ambapo neno moja lina maana nyingi, uongo hupata mahali pa kujificha, na ukweli nao hukosa mahali pa kusimama.

Jambo hili lina uzito wake katika wilaya za Bukoba na Muleba. Wilaya hizo ziko kando ya Ziwa Viktoria katika Mkoa wa Kagera, ambao umepakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Watu, bidhaa na habari hupita mipakani kila siku. Ikisemwa Kampala au Kigali kwamba mmea huu sasa unalimwa kwa leseni ili upatikane mafuta ya dawa, habari hufika Bukoba upesi kuliko maelezo yake. Mzazi mwenye mtoto wa kifafa huko Kamachumu akisikia kwamba "bangi inatibu kifafa", hana budi kuamua neno hilo lina maana gani kwake. Wala si ajabu akaamua vibaya, maana hakuna aliyempa elimu ya kumwezesha kuamua vizuri.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba elimu hiyo ni kazi ya somo la kemia. Shule ya sekondari inapaswa kuzungumza juu ya kampaundi kwa majina yake, si juu ya mmea kwa sifa zake mbaya au nzuri. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa tofauti ya kampaundi mbili zilizomo katika bangi hatadanganyika kwa urahisi na anayemwambia kwamba jani hilo ni dawa ya kila ugonjwa. Wala hatamdharau mwanasayansi anayesema kwamba ndani yake imepatikana dawa ya kweli.

Fomula moja, maumbo mawili

Mmea wenyewe ulipewa jina la kisayansi la Cannabis sativa na Linnaeus mwaka 1753. Katika vinyweleo vidogo vinavyotoa utomvu, hasa kwenye maua ya mmea wa kike, hutengenezwa kampaundi zaidi ya mia moja za jamii iitwayo kanabinoidi. Mbili kati yake ndizo zinazotajwa zaidi. Ya kwanza ni tetrahidrokanabinoli, ambayo kwa kifupi huandikwa THC. Ya pili ni kanabidioli, ambayo huandikwa CBD.

Kanabidioli ndiyo iliyotangulia kupatikana. Roger Adams na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, waliitenga mwaka 1940. Hata hivyo umbo lake kamili halikujulikana hadi mwaka 1963, lilipofumbuliwa na Raphael Mechoulam na Yuval Shvo nchini Israeli. Mwaka uliofuata, yaani 1964, Mechoulam na Yechiel Gaoni walitenga THC na kueleza umbo lake. Ndipo ilipodhihirika kwamba THC ndiyo inayolevya.

Jambo la ajabu, ambalo lafaa liandikwe ubaoni katika kila darasa la kemia, ni kwamba kampaundi hizi mbili zina fomula moja ya molekuli: C₂₁H₃₀O₂. Atomu za kaboni ni 21, za hidrojeni 30, na za oksijeni 2, katika THC na katika CBD vilevile. Uzito wa molekuli ni ule ule, takriban 314. Mwanafunzi anayehesabu atomu peke yake hawezi kuzitenganisha. Tofauti iko katika mpangilio. Katika CBD kuna vikundi viwili vya hidroksili vilivyo huru. Katika THC oksijeni moja imejifunga ikakamilisha pete ya tatu, kikabaki kikundi kimoja tu cha hidroksili. Kampaundi za namna hii, zenye fomula moja na maumbo tofauti, huitwa isoma.

Kwa mwanafunzi wa Bukoba somo la isoma halina haja ya kuanzia mbali. Rubisi inayotengenezwa kwa ndizi mbivu ina ethanoli, ambayo fomula yake ni C₂H₆O. Atomu zizo hizo, zikipangwa kwa njia nyingine, hutoa kampaundi iitwayo dimethili etha. Ethanoli ni kiowevu kinachochemka kwenye nyuzi 78 za sentigredi. Dimethili etha huchemka kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri, kwa hiyo katika hali ya kawaida ni gesi. Hakuna mtu awezaye kunywa glasi ya dimethili etha akaiita rubisi. Ikiwa mpangilio wa atomu tisa tu unaweza kugeuza kinywaji kuwa gesi, hapana sababu ya kushangaa kwamba mpangilio wa atomu 53 unaweza kutenganisha kileo na dawa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Mmea mbichi una THC kidogo sana na CBD kidogo sana. Kinachotengenezwa na mmea ni asidi zake. Asidi ya kanabidioli, yenye fomula C₂₂H₃₀O₄, ikipashwa moto hupoteza kabonidioksidi na kuacha kanabidioli. Hesabu yake ni nyepesi: 358 ukitoa 44 hubaki 314. Asidi ya THC hufuata njia hiyo hiyo. Asidi zote mbili hutokana na asidi mama moja, na ni vimeng'enya vya mmea, vinavyorithiwa kutoka kwa wazazi wake, vinavyoamua ipi itatengenezwa kwa wingi. Hivyo upo mmea wenye THC nyingi na CBD kidogo sana. Upo wenye CBD nyingi na THC kidogo sana. Na upo wenye zote mbili. Kwa macho hazitambulikani. Kinachoweza kuzitofautisha ni kipimo cha maabara.

Hapa ndipo upungufu wa neno bangi unapoonekana. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018, kwa mfano, hutenga mmea wa nyuzi na mbegu usiozidi asilimia 0.3 ya THC, ikauhesabu kuwa zao la kawaida la shambani. Katika Kiswahili cha kila siku mmea huo nao ni bangi tu. Kinyume chake, bangi iliyozoeleka katika nchi nyingi za joto barani Afrika ni ya jamii yenye THC nyingi na CBD haba. Anayesoma habari za dawa ya CBD kutoka ng'ambo, kisha akachuma jani la kichakani akidhani ndilo, amechuma kitu kingine.

Kinachotendeka ubongoni

Kwa muda mrefu haikujulikana jinsi THC inavyofanya kazi. Mwaka 1988 watafiti nchini Marekani walithibitisha kwamba ubongoni mna vipokezi maalumu ambavyo THC hushikamana navyo. Mwaka 1992 ikagunduliwa kampaundi ya mwili wenyewe inayotumia vipokezi hivyo. Iliitwa anandamidi, jina lililotokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Kumbe mwili una mfumo wake wa kusawazisha kumbukumbu, njaa, maumivu na mwendo, na THC huingia katika mfumo huo kama mgeni anayekaa katika kiti cha mwenye nyumba.

Vipokezi hivyo ni vingi katika sehemu za ubongo zinazoshughulika na kumbukumbu na usawa wa mwili. Ndiyo sababu aliyevuta bangi husahau aliyoyasema punde na hukosea kukadiria muda na umbali. Ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi umri wa miaka ishirini na zaidi, na katika miaka hiyo mfumo huu hushiriki katika kuutengeneza. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba wanaoanza mapema na kutumia mara kwa mara bangi yenye THC nyingi wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata magonjwa ya akili yanayomtenga mtu na hali halisi. Jambo hili halina haja ya kutiwa chumvi. Likisemwa kama lilivyo, linatosha.

CBD haishikamani kwa nguvu na vipokezi hivyo, na haimlevyi mtu. Mwaka 2018 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilieleza kwamba CBD safi haikuonyesha dalili za kumfanya mtu awe mtumwa wake. Jinsi inavyotuliza kifafa bado inachunguzwa. Miongoni mwa njia zinazopendekezwa ni kwamba huzuia seli zisinyonye adenosini, kampaundi ya mwili inayopunguza kasi ya seli za neva, hivyo adenosini hubaki nyingi mahali inapohitajika.

Adenosini si ngeni katika historia ya Bukoba, ingawa jina lake ni geni. Wahaya wametafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa tangu kabla ya kuja kwa wakoloni, na mgeni hupokewa kwa buni hizo. Kinachomchangamsha mtafunaji ni kafeini, C₈H₁₀N₄O₂, ambayo hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya adenosini. Kahawa ya robusta, iliyo zao la asili la Bukoba, ina takriban asilimia 2 ya kafeini, karibu mara mbili ya ile ya arabika. Hapana mtu anayesema kwamba mbuni ni mmea mwema au mwovu. Husemwa kwamba una kafeini, kwamba kiasi kidogo huchangamsha na kingi hukosesha usingizi. Namna hiyo ya kusema ndiyo inayotakiwa kwa mimea yote.

Mfano mwingine umo katika chungu cha pilau. Karafuu ya Unguja na Pemba ina kampaundi iitwayo kariofilini, ambayo imo pia katika bangi na katika pilipili manga. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba kariofilini hushikamana na aina ya pili ya vipokezi vya kanabinoidi, ambavyo havihusiki na ulevi. Basi pilau ina kampaundi iliyomo katika bangi, na hapana aliyewahi kulewa kwa pilau. Swali la kuuliza siku zote ni kampaundi gani, na kiasi gani.

Kifafa na chungu cha maji

Sasa inafaa kulitazama dai lenyewe, kwamba bangi hutibu kifafa. Dai hili lina mzizi wa kweli. Mwaka 1980 watafiti wa Brazili, wakishirikiana na Mechoulam, walichapisha matokeo ya jaribio dogo ambamo wagonjwa wachache wa kifafa walipewa CBD safi, na baadhi yao wakapata nafuu kubwa. Habari hiyo haikufuatiliwa sana kwa miaka mingi. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa zaidi, la watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet, aina ya kifafa ya nadra na kali inayoanza utotoni. Waliopewa CBD walikuwa na wastani wa kati wa degedege 12.4 kwa mwezi, zikapungua kuwa 5.9. Waliopewa dawa bandia walikuwa na 14.9, zikawa 14.1. Mwezi Juni 2018 Marekani iliruhusu dawa hiyo kwa ugonjwa wa Dravet na ule wa Lennox-Gastaut, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2019.

Lakini hapana budi kuisoma habari hiyo hadi mwisho. Kwanza, dawa hiyo ni CBD iliyosafishwa, si jani. Pili, iliruhusiwa kwa aina chache za kifafa ambazo dawa za kawaida hazizitulizi, tena ikitolewa pamoja na dawa hizo. Tatu, ina madhara yake: usingizi, kuharisha, na kuharibika kwa vipimo vya ini, hasa kwa mgonjwa anayetumia pia valproeti. Nne, hutolewa kwa kipimo. Kiasi kinachotumika mara nyingi ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kwa siku, kikigawanywa mara mbili. Mtoto wa kilo 20 atahitaji miligramu 200. Na kwa kuwa kila mililita ya dawa ina miligramu 100, atapewa mililita 2 kwa siku. Hesabu hiyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuifanya. Kwa jani la kichakani hesabu hiyo haifanyiki, kwa sababu hakuna ajuaye lina miligramu ngapi za CBD, wala ngapi za THC.

Tena liko jambo la kuyeyuka. Dawa nyingi za miti shamba huchemshwa kwa maji. CBD ni kampaundi ya jamii ya mafuta. Haiyeyuki vema katika maji. Ndiyo maana dawa iliyoruhusiwa imetengenezwa katika mafuta ya ufuta. Maji ya Bukoba, mji ulio kiasi cha mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, nayo hayawezi kutoa kutoka katika jani kile kisichoyeyuka ndani yake. Mzazi anayemnywesha mtoto maji ya bangi hampi dawa ya Dravet. Na anayemfukiza moshi wa jani lenye THC nyingi anautia kileo ubongo ambao tayari umeshindwa kujituliza.

Hasara kubwa kuliko zote ni ya muda unaopotea. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila degedege kama wangetibiwa ipasavyo, na kwamba katika nchi zenye kipato cha chini karibu robo tatu yao hawapati matibabu hayo. Fenobarbitoni, ambayo uwezo wake wa kutuliza kifafa uligunduliwa mwaka 1912, ni ya bei nafuu mno, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu pamoja na kabamazepini, fenitoini na valproeti. Mtoto wa Muleba aliyeanguka kwa kifafa ana haja ya kufikishwa hospitali, iwe Rubya, Ndolage au kwingineko, apimwe na kuanzishiwa dawa asiyoiacha ovyo. Kila mwezi unaopotea katika kutafuta jani ni mwezi wa degedege, wa kuungua motoni, wa kuzama majini, na wa kukosa shule.

Mipaka mitatu na kauli mbili

Mkanganyiko huu umezidishwa na sheria za nchi. Tanzania inakataza kulima, kumiliki, kuuza na kutumia bangi, chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na adhabu zake ni kali. Mwezi Oktoba 2020 Rwanda iliidhinisha kilimo chake kwa ajili ya dawa za kuuza nje, huku matumizi ya wananchi yakibaki marufuku. Uganda nayo ilikwisha kushuhudia kilimo cha leseni wilayani Kasese kwa ajili ya soko la nje. Mwezi Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya ilipiga kura, 27 dhidi ya 25, kuutoa mmea huu katika kundi la dawa zinazohesabiwa kuwa hatari mno na zisizo na faida kubwa ya tiba, ingawa uliachwa chini ya udhibiti mkali wa mkataba wa mwaka 1961.

Kijana asiyejua kemia husikia katika habari hizo kauli mbili zinazopingana: huku ni kosa kubwa, kule ni biashara ya serikali. Huhitimisha kwamba mmoja wa wasemaji anasema uongo, na mara nyingi humchagua aliye karibu naye. Kijana anayejua kemia huona kwamba wasemaji hawazungumzii kitu kile kile. Kinachosafirishwa kwa leseni ni malighafi ya dawa, inayolimwa ndani ya ua, kupimwa na kuandikwa. Kinachouzwa uchochoroni hakina kipimo wala mdhamini. Kama Tanzania ibadilishe sheria yake au isibadilishe ni jambo la Bunge na wananchi. Lakini mjadala huo, siku utakapofika, utawahitaji watu wanaojua wanajadili kampaundi ipi.

Mafunzo yaliyopatikana Kagera

Mkoa wa Kagera una sababu zake za kujua thamani ya jina sahihi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania waliripotiwa mkoani humo mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujaeleweka, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa katika biashara ya mpakani. Jina la kitambaa halikumfundisha mtu namna ya kujikinga. Lilielekeza macho kwenye nguo na biashara, wakati adui alikuwa kirusi ndani ya damu. Kirusi kilipojulikana na kupewa jina, kikapatikana kipimo. Baada ya kipimo ikapatikana kinga, na hatimaye dawa. Wengi walikufa kati ya jina la kwanza na la pili.

Funzo jingine, la kufurahisha zaidi, limetoka Muleba. Wilaya hiyo, iliyosumbuliwa kwa muda mrefu na malaria, ilikuwa mahali pa jaribio kubwa la vyandarua lililoanza mwaka 2014. Mbu walikuwa wamekwisha kuizoea dawa ya kawaida ya vyandarua. Watafiti wa Tanzania na wenzao wa nje walilinganisha vyandarua vya kawaida na vile vilivyoongezwa kampaundi iitwayo piperonili butoksidi, ambayo huvizuia vimeng'enya ambavyo mbu huvitumia kuivunja sumu. Watoto waliolala ndani ya vyandarua hivyo vipya waliambukizwa malaria kwa kiasi kidogo zaidi, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua vya aina hiyo kwa maeneo yenye usugu kama huo. Kwa macho chandarua kilikuwa kile kile; kilichotofautiana ni kampaundi. Wilaya iliyoufundisha ulimwengu somo hilo haishindwi kulitumia somo hilo kwa jani la bangi.

Jibu kwa wenye wasiwasi

Wako wazazi na walimu watakaosema kwamba kuitaja THC darasani ni kumfungulia mwanafunzi mlango wa kuijaribu. Wasiwasi huo ni wa watu wenye mapenzi mema, na unastahili jibu. Shule za Tanzania zimefundisha uchachushaji wa ethanoli kwa miongo mingi, na hakuna aliyethibitisha kwamba somo hilo ndilo linalojaza vilabu vya rubisi. Mwanafunzi wa Bukoba hakutani na neno bangi mara ya kwanza kwa mwalimu wake. Amekwisha kulisikia kituo cha mabasi, ufukweni na katika nyimbo. Kitu pekee ambacho hajakisikia ni maelezo yanayoweza kupimwa. Mwalimu akinyamaza, somo halikomi. Hufundishwa na mwingine.

Wako pia watakaosema kwamba hoja hii inadharau dawa za asili. Sivyo. Kwinini ilitoka katika gome la mti, na artemisinini, iliyotengwa nchini China mwaka 1972, ilitoka katika mmea wa shambani. Kila mara safari ilikuwa ile ile: mmea, kisha kampaundi, kisha kipimo, kisha jaribio kwa wagonjwa. Mganga anayejua mmea ameshika hatua ya kwanza, na heshima yake ni hiyo. Kosa ni kuidai hatua ya nne kabla ya kuipita ya pili na ya tatu.

Kwa hiyo lipo jambo ambalo mwalimu wa kemia aweza kulifanya bila kungoja muhtasari mpya wala maabara mpya. Anapofundisha isoma, aandike ethanoli na dimethili etha, kisha THC na CBD. Anapofundisha uzito wa molekuli, atoe hesabu ya 358, 44 na 314. Anapofundisha kuyeyuka, aulize kwa nini dawa fulani huwekwa katika mafuta na nyingine katika maji. Mwalimu wa biolojia naye, afikapo kwenye mfumo wa neva, aeleze kafeini na adenosini kwa buni ya kutafuna. Hakuna jani la bangi linalohitajika mezani; chokaa na ubao vinatosha. Na kila mara mwalimu aongeze maneno mawili yaliyo wazi: kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo unaotibika hospitalini, usioambukiza, na usio laana, na kwamba moshi wa bangi hauna CBD iliyopimwa, bali una THC isiyopimwa.

Mwanafunzi atakayetoka darasani na maarifa hayo atarudi nyumbani kwenye kibanja cha ndizi na kahawa ambako huenda yupo mdogo wake, au mtoto wa jirani, mwenye kifafa. Siku mtu atakapofika na fungu la majani akisema hii ndiyo dawa iliyotangazwa Ulaya, mwanafunzi huyo ataweza kumwuliza kwa adabu: kampaundi ipi, kiasi gani, na imepimwa wapi? Maswali hayo matatu hayana gharama. Mtoto akipelekwa hospitali kwa sababu yameulizwa, somo la kemia litakuwa limemfaa nyumbani kwake kabla ya kumfaa katika mtihani.